Amplifaya Tatu za Mjomba Sikio

6 Januari

Mpwa wangu,

Zikufikie salamu zangu na za mkazamjomba wako, ambaye anasema vile vitambaa alivyokuagiza mwaka jana bado anavisubiri. Hakulaumu, anakumbusha tu. Huku tu wazima. Paa limezibwa, paka amezaa tena, na kama kawaida yake kazalia kabatini juu ya mashuka safi. Umenipigia simu mara kadhaa na sikupokea, usitie kinyongo. Simu za siku hizi zimeundwa na watu wanaonong'ona. Zamani mtu akikupigia simu, jirani wa nyumba ya tatu naye alipata habari. Barua ni bora, haimezi maneno.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Mwanao ameniandikia kwamba ataolewa mwishoni mwa Agosti, na anataka mimi, wala si kijana wa kompyuta, nimpigie gitaa anapoingia ukumbini. Mwambie nimekubali, ingawa amenivunja moyo. Tangu akiwa hana meno ya mbele alikuwa ananiambia, "Babu, mimi nitaolewa na wewe," na nilimwamini.

Gitaa ninalo. Amplifaya, lile sanduku la kulipaza sauti, sina. Ile ya bendi, iliyokuwa ikibebwa na wanaume wawili wanaotukanana, ilikufa pamoja na bendi. Nataka ndogo ya mazoezi, ya kukaa pembeni mwa kiti changu. Iwe ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kwa ndani, maana valvu huipasha sauti moto kabla ya kuitoa. Haya mengine ya kisasa hutoa sauti baridi kama uji wa jana. Wewe kazi yako ni kununua, ndiyo inayokuweka mjini. Basi ninunulie.

Mjomba wako,
Sikio


28 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa mkazamjomba, ambaye vitambaa vyake viko katika hatua ya mwisho ya uidhinishaji. Sisi hatujambo. Mke wangu amepewa darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, anarudi nyumbani hana sauti. Bibi harusi alipoambiwa umekubali alicheka mpaka akalia, na anasema kile kiapo bado kipo, ila mume mdogo ndiye atakayefua.

Mjomba, umenipa heshima kubwa. Sisi wote tumekua tukijitapa kwamba ni wapwa wa Sikio. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ile dansi uliyoisimamisha katikati, ukumbi mzima ukashangaa, ukamwonyesha mwenzako kidole: uzi wako wa tatu umelegea. Akakagua, kweli umelegea. Mimi nilikuwa mlangoni nikinywa soda ya bure kwa sababu ya jina lako. Sasa kumchagulia amplifaya mtu mwenye sikio la namna hiyo si jambo la kukurupuka.

Kama ujuavyo, mimi ni afisa ununuzi wa hospitali. Sijawahi kununua hata pamba bila kushindanisha wauzaji watatu. Kwa hiyo nimeunda kamati ya tathmini. Mwenyekiti ni mimi, katibu ni mimi, na mjumbe ni mke wangu, aliyejiuzulu kikao cha kwanza kabla ya chai. Ili kamati iendelee, naomba unijulishe yafuatayo: chumba cha mazoezi kina upana gani? Ukuta ni wa tofali au mbao? Jirani yuko umbali gani na ana tabia gani? Unahitaji sauti safi, au ile yenye mikwaruzo kidogo? Na mwisho, je, kuna mahitaji yoyote maalumu ya mtumiaji?

Mpwa wako


11 Februari

Mpwa wangu, Bwana Zabuni,

Marahaba. Barua yako nilimsomea mkazamjomba wako, akauliza kama unaninunulia amplifaya au unanilaza wodini.

Chumba kina upana wa kunitosha mimi, kiti, gitaa na paka. Ukuta ni wa tofali. Jirani ni yule karani mstaafu wa mahakama, tumegawana ukuta mmoja. Zamani alikuwa akipiga chafya nami namwombea afya kutoka upande huu. Siku hizi hapigi chafya kabisa, nadhani amepona. Mtaa wetu kwa jumla umetulia sana. Hata ndege wa asubuhi wamehama. Na mkazamjomba wako naye uzee umempa upole, hanigombezi tena kama zamani. Namwona tu midomo inacheza, nadhani anasali.

Sauti nataka safi, yenye joto, na ikikwaruza ikwaruze kwa adabu. Mahitaji maalumu sina. Mimi ni mtu mwenye mikono miwili na masikio mawili, kama wateja wako wote. Fanya haraka. Vidole vilivyozoea kupanga herufi kwenye kiwanda cha chapa haviamki kwa siku moja, na harusi haisubiri kamati.

Sikio


19 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mvua haijalifikia paa. Huku bibi harusi na mama yake hawaongei, suala likiwa ni rangi ya vitambaa vya meza. Mimi nimeulizwa maoni na pande zote mbili, na nimewajibu wote kwamba ninalifanyia kazi.

Barua yako tuliisoma pamoja na mke wangu. Alicheka sana alipofika kwenye chafya za karani. Akarudia kusoma, hakucheka tena. Aliniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa: ukuta ni wa tofali.

Kamati imehitimisha kazi. Nimezunguka maduka yote ya ala za muziki, na nimekuwa mtu wa kujulikana humo. Wauzaji wakiniona wanazima taa. Nimekuchagulia amplifaya ya valvu ya wati moja. Usicheke. Valvu ni kama punda, inaimba vizuri ikiwa imebebeshwa mzigo. Ukinunua kubwa ukaichezea kwa sauti ya chini nyumbani, haifanyi kazi hata dakika moja, na sauti yake inakuwa ya kizembe. Hii ndogo inatoka jasho mapema, inakupa lile joto bila kuwatoa watu vitandani. Wala usidhani ni dhaifu. Muuzaji aliifungulia mpaka mwisho, vioo vya kabati vikaanza kulia, na mlinzi wa duka la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Inakuja kwa basi la mizigo, imefungwa ndani ya mablanketi. Yale mablanketi ni ya mkazamjomba.

Mpwa wako


8 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkazamjomba wako anashukuru kwa mablanketi na anauliza kama vitambaa navyo vitakuja vimefunga kitu. Wale paka wadogo wamefungua macho. Karani wa mahakama alikuja kutuamkia, mara ya kwanza tangu amwoze binti yake. Amekuwa mtu wa watu.

Kifaa kimefika. Ni kizuri mno. Kimevikwa ngozi nyeusi, kina mpini wa kubebea, na kupitia matundu ya nyuma unaona vile vichupa vinavyowaka rangi ya kaa la moto. Nilikaa nikakitazama muda mrefu kabla ya kukigusa. Tatizo lake ni moja tu: ni bubu.

Nimefungua kitufe cha sauti mpaka mwisho. Kinanong'ona. Nimebadilisha fyuzi, nimebadilisha waya, nimelipiga gitaa mpaka vidole vimechubuka, kinanong'ona tu, kama mtu anayesengenya. Huyo muuzaji wako kakuuzia sanduku la maua. Mtu wa manunuzi kuuziwa bubu ni aibu kidogo, lakini sitamwambia mtu. Nakirudisha kwa basi lilelile. Leta chenye kifua.

Sikio

(Ndani ya mfuniko wa bahasha, kwa penseli:) Mwanangu, si bubu. Mimi nimehamishia cherehani jikoni, na karani hakuja kuamkia. Usimwandikie kwamba nimekuandikia. Mkazamjomba.


2 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kwanza habari njema: suala la vitambaa vya meza limekwisha, kwa sharti kwamba pande zote mbili zimenuna. Mke wangu anakusalimu na anasema nikuandikie ukweli. Ukweli ni kwamba tunakukumbuka sana.

Nimesikitika kusikia habari za kile kifaa. Nimekipokea, nimekikagua, na maelezo yangu ni haya: inawezekana umeme wa mtaa wenu ni mdogo. Inawezekana pia barabara imekitikisa valvu zikalegea. Kuna na suala la unyevunyevu, ambalo wataalamu hawajalimaliza. Kwa vyovyote, mpokeaji hana kosa. Nimekiweka sebuleni, ambapo mke wangu amekitandikia kitambaa na kukiwekea chombo cha maua, bila kujua kwamba wewe ndiye uliyekitabiria.

Sasa nakutumia ya wati tano. Hii ina kifua. Ndani ya furushi utakuta pia kijidude kidogo unachokibana kwenye kichwa cha gitaa. Ukipiga uzi, taa ya kijani inawaka ikiwa umekaa sawa, na nyekundu ikiwa umelegea au umekaza mno. Sikukinunua. Muuzaji alikuwa akivigawa bure kwa kila mteja, na mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kwa jambo jingine. Kama hukihitaji, kiweke tu mahali pa karibu.

Mpwa wako


20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumepoteza paka mmoja mdogo, mwingine kachukuliwa na mpiga picha wa kona ya sokoni, waliobaki wanapanda mapazia. Mkazamjomba wako ana mafua na hataki kuambiwa ana mafua.

Nianze na kile kijidude cha taa. Nimekirudisha ndani ya soksi, ukipokee. Mpwa wangu, mimi nimeweka nyuzi sawa kwenye giza, kwenye mvua, na safari moja ndani ya lori la nguo za mitumba, kwa sikio tupu. Kifaa kama hicho ni cha watu ambao Mungu aliwanyima. Nimekisamehe kwa kuwa ulipewa bure.

Hii ya wati tano ni afadhali. Sasa inasema, ingawa inasema kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nimeifungulia mpaka mwisho nikapiga ule wimbo wa bibi harusi tangu mwanzo. Karani alitokea dirishani, akapunga mikono yote miwili juu ya kichwa. Nilifurahi, nikampigia tena ubeti wa pili. Akapunga kwa nguvu zaidi, nikarudia wote. Aliondoka ameshika kichwa, nadhani wimbo ulimkumbusha marehemu mkewe. Ujue muziki mzuri unavyofanya kazi.

Lakini kwa ukumbini haitoshi, wala kwa mazoezi haitoshi. Nipe nyingine. Na usiniambie habari za umeme wa mtaa wetu. Pasi ya mkazamjomba wako inaunguza kama kawaida.

Sikio


17 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole kwa paka na kwa mafua. Bibi harusi ameanza kuhesabu wageni, na kila akihesabu wanaongezeka. Huku kazini tumenunua vitanda ambavyo havipiti mlangoni. Vilishindanishwa vizuri sana.

Barua hii nimeianza mara kadhaa. Mke wangu anakaa mbele yangu anasahihisha madaftari, na kila nikichana karatasi ananitazama juu ya miwani. Anasema, "Mwambie tu. Ni mjomba wako, si mahakama." Nimemwambia ndiyo maana. Mahakama ningeiambia.

Kuna jambo moja nilitaka kuligusia, linalohusu upande wa mpokeaji wa bidhaa. Kamati imelijadili kwa kina na imeliahirisha mpaka kikao kijacho.

Nakutumia ya wati kumi na tano. Muuzaji aliponiuliza ni ya ukumbi wa watu wangapi, nikamwambia ni ya mazoezi, chumbani, karibu na jikoni. Alinitazama kama daktari. Mjomba, tafadhali anza na kitufe kikiwa chini. Anza chini kabisa, halafu pandisha kidogo kidogo. Na siku ya kwanza mkazamjomba awe sokoni.

Nakupenda, mjomba. Hilo halihitaji kikao.

Mpwa wako


9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mkazamjomba wako amepona mafua. Karani amesafiri kwenda kwa binti yake na hajasema atarudi lini. Nakushukuru kwa kunipenda, ingawa umeliandika kama mtu anayeaga mgonjwa.

Hii ya tatu imefika na nimeifungulia. Sitaki kuandika mengi juu yake. Nimeipiga kwa siku chache, kisha nikazima, nikakaa.

Nina ombi moja. Mkazamjomba wako amenirekodi kwa simu yake nikipiga wimbo wa bibi harusi, na ameutuma kwa mkeo leo hii. Usikilize vizuri, kaa mahali pa utulivu. Kisha uniandikie unavyousikia. Sitaki salamu ndefu wala habari za vitanda. Niandikie kama nilivyomwambia yule mwenzangu kwenye ile dansi ulipokuwa ukinywa soda ya bure: kama kuna uzi umelegea, uutaje. Wewe ni mpwa wa Sikio, kitu hicho hakiwezi kukupita.

Sikio


21 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeusikiliza. Tumeusikiliza wote sebuleni: mimi, mke wangu na bibi harusi, madirisha yamefungwa.

Mjomba, wimbo umekolea. Mikono yako ni ileile. Nyuzi zinaitikiana kama ndugu waliopatana baada ya kesi ya shamba. Lile joto la valvu ulilolitaka limepatikana, na nadhani hatimaye kamati inaweza kufunga jalada. Bibi harusi alitokwa na machozi akaenda chumbani. Mke wangu naye alitoka nje kidogo kupunga hewa, maana ilimgusa. Sina cha kuongeza wala cha kupunguza. Siku ya harusi watu watapiga makofi mpaka mikono iwawashe, hilo nakuhakikishia.

Vitambaa vya mkazamjomba vimetumwa jana. Vyote.

Mpwa wako


2 Agosti

Mpwa wangu,

Vitambaa vimefika na mwenyewe amefurahi. Habari za nyumbani leo zinatosha hapo.

Uzi wa pili niliulegeza kwa mkono wangu. Sikuulegeza kidogo. Niliulegeza mpaka ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, kisha nikamwomba mkazamjomba wako arekodi. Alinishika mkono, akatikisa kichwa, nikamwambia rekodi. Paka wote walitoka kupitia dirishani. Na wewe, mpwa wa Sikio, umeniandikia kwamba nyuzi zinaitikiana kama ndugu waliopatana.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana mmoja wetu lazima aeleze. Amplifaya ya kwanza niliamini kabisa ni mbovu, Mungu shahidi. Ya pili nilimshuku karani. Mtu hafurahii muziki huku amejaza pamba masikioni, na pamba niliiona alipokuja tena. Ya tatu niliifungulia mpaka mwisho kinyume cha maagizo yako. Nilipiga uzi wa chini. Kikombe changu cha chai kikaanza kutembea mezani chenyewe, kikafika ukingoni, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Nilikiona kikivunjika. Nilisimama pale natazama vipande, nangoja sauti ije. Haikuja. Mpwa wangu, niliogopa kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Zile mashine za kupiga chapa zimekula masikio yangu taratibu, maisha yangu yote ya kazi, na mimi nikadhani ni dunia imejifunza adabu. Nilidhani mke wangu amekuwa mpole. Unajua nimepoteza nini hapo? Nimepoteza kelele za mwanamke huyu, na sikumuaga hata siku moja. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Ameniandikia kwenye kipande cha kitambaa, kwa chaki ya kushonea: "Ungeacha gitaa."

Yeye nimemsamehe, alikuwa akiogopa. Lakini wewe una kalamu, una mkeo anayekuambia sema, una mjomba aliyekuomba waziwazi. Mmenunua amplifaya tatu ili kukwepa neno moja. Mmezifunga kwa mablanketi, mmezipandisha kwenye basi, mmelaumu umeme na unyevunyevu. Sijawahi kuona heshima inayosafirishwa kwa gharama kubwa namna hiyo.

Sasa sikiliza, wewe unayeweza. Mimi nataka kumpigia yule mtoto anapoingia. Nataka kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini siwezi kukaa mbele ya ukumbi nikapiga ovyo, watu wote mkatabasamu, mkapiga makofi mpaka mikono iwawashe, nami nikaondoka nikidhani nimepiga vizuri. Makofi ya huruma siwezi kuyasikia, na nisingeweza kuyatofautisha na mengine. Bora nibaki nyumbani na paka.

Kwa hiyo niandikie hilo neno. Liandike wewe, kwa mkono wako, kabla hujaniletea habari nyingine yoyote. Ukiweza kuliandika, nitajua ukumbini kuna mtu mmoja wa kumwamini, na nitakuja. Usipoweza, mwambie mchumba wangu nimeumwa mguu.

Sikio


9 Agosti

Mjomba,

Umekuwa kiziwi.

Nimeliandika. Mke wangu alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza, kisha akaniwekea mkono kichwani kama anavyowafanyia wale watoto wake wa darasa la kwanza. Nililia, wala sioni haya kukuambia. Nilijua tangu habari ya chafya. Nikaona nikilinyamazia wewe utabaki Sikio, na mimi nitabaki yule mtoto wa mlangoni mwenye soda ya bure. Nilikuwa nikiilinda soda yangu, mjomba. Nisamehe.

Na ule uzi wa pili ulikuwa balaa. Mke wangu hakutoka nje kwa kuguswa, alikwenda kuangalia kama kuna mbuzi amenaswa kwenye geti. Bibi harusi machozi yalimtoka kweli, lakini yalikuwa ya kucheka kwanza, ya pili ndiyo yalikuwa yako. Na mwisho wa ubeti wa tatu ulikimbia. Nyuzi hazikuhusika hapo, ni wewe, umekuwa na haraka tangu ujana wako na mama yangu alikuwa akisema hivyohivyo.

Nimewasimulia wote humu ndani. Bibi harusi anasema hataki mwingine, na kwamba ukileta habari za mguu atakufuata na shela lake kichwani. Nimetoa maua juu ya ile amplifaya ndogo ya wati moja, nimeifuta vumbi. Nimeijaribu leo: nimekaa kitini, nikaibana kati ya magoti, mke wangu akapiga nyuzi. Mjomba, sauti inapanda kwenye mifupa mpaka kifuani. Ile kubwa ingetuua sote, lakini hii unaweza kuikumbatia. Inapata joto, kwa hiyo njoo na suruali nzito. Ukumbini wataiwekea kipaza sauti mbele, wageni watasikia, nawe utaihisi. Kijidude cha taa nimekitoa ndani ya soksi nikakibadilisha betri. Sikupewa bure, nilikinunua, na nilikichagua kwa wiki mbili.

Nitakaa kiti cha jirani na chako. Ukipaza mno nitakugusa bega mara moja. Ukikimbia kama kwenye ubeti wa tatu, mara mbili. Ukiwa sawa sitakugusa kabisa, na watu wakipiga makofi nami mikono yangu iko mapajani, ujue umewadanganya wao, mimi hapana. Makofi yangu utayaona ukiyastahili.

Nimebakiza swali moja, la kamati. Nikuguse bega la kulia, au la kushoto?

Mpwa wa Sikio